AJALI YA LORI: USITIE DOLE GUMBA KABLA YA KUJUA HAKI YAKO



Katika matawi yetu ya mashamba na viwanda hapa Uganda, habari ya ajali ya lori haiishi kutufikia. Lori la miwa limepinduka. Lori la chai limekosa breki mteremkoni. Tela la kontena limemgonga mwenzetu akirudi na baiskeli kutoka zamu ya usiku. Baadhi ya wenzetu wanazikwa, wengine wanarudi kambini kwa magongo. Matanga yakiisha tunakuta familia imepewa jeneza, gunia la unga na noti chache, kisha imetia dole gumba kwenye karatasi ambayo hakuna aliyeisoma.

Karatasi hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike. Ajali hatuwezi kuirudisha nyuma, lakini fidia ni haki iliyoandikwa katika sheria, na mwenye haki asiyeijua hufanana na mtu mwenye shamba asiyejua mpaka wake. Jirani huhamisha mpaka kila mwaka, naye hushukuru kwa kuachiwa mahali pa kulala.

BARABARA YETU NA MALORI YAKE

Barabara kuu itokayo Mombasa hupita Nairobi, Nakuru na Eldoret, huvuka mpaka Malaba na Busia, kisha hupita Jinja na Kampala mpaka Mbarara na Katuna kuelekea Kigali. Malori ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Congo na Sudan Kusini yote hupita humo. Mashamba makubwa ya miwa ya Kakira na Lugazi yapo kandokando ya barabara hiyo hiyo. Mkata miwa, mfanyakazi wa kiwanda na mama anayeuza mahindi ya kuchoma wote wanaivuka kila siku.

Tunajua lori linaweza kufanya nini. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto, wakafa watu zaidi ya 200, wengine wakiwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, Kaunti ya Kericho, Kenya, lori lenye kontena liliacha njia likaingia katika magari na watu waliokuwa wakifanya biashara kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50. Hizo ni ajali zilizofika magazetini. Zile za mtu mmoja mmoja hazifiki popote ila kwenye daftari la polisi na kwenye tawi la chama.

MILANGO MITATU YA FIDIA

Mfanyakazi aliyeumizwa na lori anaweza kuwa na milango mitatu ya kubisha. Wengi wanajua mmoja tu, au hawajui hata mmoja.

Mlango wa kwanza ni mwajiri wako. Kwa Uganda, Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema kwamba mfanyakazi akiumia kwa ajali iliyotokana na kazi na iliyotokea akiwa kazini, mwajiri anawajibika kulipa. Hapa huna haja ya kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Fidia hulipwa hata kama mfanyakazi mwenyewe alikuwa mzembe. Isipokuwa mtu aliyejiumiza kwa makusudi, na isipokuwa jeraha dogo ambalo halikuacha kilema wala halikumzuia mtu kazi kwa siku 3 mfululizo.

Sheria hiyo ina kifungu ambacho kila mtu wetu angepaswa kukijua kwa moyo. Ukiwa safarini moja kwa moja kwenda kazini, au kutoka kazini kurudi nyumbani, na ukapata ajali, ajali hiyo huhesabiwa kuwa ya kazini. Ni juu yako kuonyesha kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja. Basi ndugu anayegongwa saa 12 asubuhi akienda zamu asiambiwe, "Hiyo ni ajali ya barabarani, nenda polisi." Ni ya barabarani, na ni ya kazini pia. Hata lori likikimbia lisijulikane, mlango huu wa mwajiri unabaki wazi. Lakini ukipitia kilabuni kunywa pombe kwanza, umejifungia mlango mwenyewe.

Mlango wa pili ni mwenye lori. Dereva akiendesha kwa uzembe akiwa katika kazi ya tajiri wake, tajiri huyo anabeba mzigo wa uzembe huo. Hapa ni kesi ya madai mahakamani, na hapa ndipo unapotakiwa kuthibitisha kosa: mwendo wa kasi, breki mbovu, mzigo uliozidi, dereva aliyesinzia. Mahakama inaweza kukupa fidia ya maumivu, ya mapato utakayoyakosa miaka ijayo, na ya gharama ulizolipa. Ikionekana nawe ulichangia kosa, fedha hupunguzwa kwa kiasi cha kosa lako.

Mlango wa tatu ni bima. Kila gari linalotembea barabarani lazima liwe na bima ya kumkinga mtu mwingine, ile ambayo stika yake hubandikwa kwenye kioo cha mbele. Lakini tusidanganyane. Sheria ya bima hiyo ya mwaka 1989 iliweka kiwango cha shilingi 1,000,000 kwa mtu mmoja na shilingi 10,000,000 kwa ajali nzima. Fedha hizo mwaka 1989 zilikuwa fedha. Leo hazitoshi hata vyuma vya kuunga paja. Kwa hiyo akija mtu wa bima akasema, "Hii milioni moja ndiyo sheria," mjibu kwamba hiyo ni sheria ya bima, na kinachobaki mwenye lori anaweza kudaiwa mwenyewe.

Jambo moja liwekwe wazi. Unaweza kubisha mlango wa mwajiri na mlango wa mwenye lori pia, lakini hulipwi mara mbili kwa hasara ile ile. Ukilipwa na mmoja, hesabu ya mwingine hutazama kile ulichokwisha kupata.

HESABU YENYEWE

Mambo ya fidia hupotea katika maneno, kwa hiyo tuyaweke katika hesabu.

Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini na akaacha watu waliomtegemea, sheria ya Uganda inawapa mishahara ya miezi 60. Akipata ulemavu kamili wa kudumu, asiweze tena kazi yoyote, ni miezi 60 pia. Akiwa hawezi hata kujihudumia, akahitaji mtu wa kumshika wakati wote, huongezwa robo ya fedha hizo.

Tuseme mshahara ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Mara 60 ni shilingi 12,000,000. Kama ni yule wa kuhudumiwa, robo yake ni 3,000,000, jumla 15,000,000.

Ulemavu ukiwa wa sehemu ya mwili, daktari huandika asilimia, na sheria ina jedwali la viungo. Asilimia 30 ya 12,000,000 ni shilingi 3,600,000. Na kama huna ulemavu wa kudumu ila umelala miezi mitatu huwezi kazi, unastahili malipo ya vipindi kwa muda huo ambao huna kazi. Gharama za matibabu zinazohitajika, pamoja na usafiri wa kwenda hospitali, ni juu ya mwajiri.

Angalieni sana neno "mshahara". Makarani hupenda kuandika mshahara wa msingi peke yake. Chakula, kuni na nyumba unavyopewa kuwa sehemu ya ujira wako huingia katika hesabu, na ovataimu ya kila mara nayo huingia. Mkata miwa anayelipwa kwa tani, hesabu yake itazame mapato yake ya kweli katika miezi iliyopita. Ndiyo sababu tunasema kila siku: tunza karatasi zako za mshahara. Ziweke katika mkebe wa majani ya chai panya wasizifikie.

Kenya, jirani zetu, sheria yao ya mwaka 2007 inatoa miezi 96 badala ya 60, na inasema wazi kwamba mfanyakazi anayesafirishwa bure kwa gari lililotolewa na mwajiri kwa kazi hiyo yumo kazini. Tanzania wameunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa sheria ya mwaka 2008, nao ulianza kazi mwaka 2015. Waajiri huchangia mfuko huo, na mfanyakazi hakatwi kitu. Tunayasema haya kwa sababu wengi wenu mna ndugu ng'ambo ya mpaka, na madereva wanavuka kila wiki. Sheria za kwetu zisikufunge macho ukiumia kwao, wala za kwao zisitumiwe kukudanganya ukiumia kwetu.

KARATASI YA WODINI

Sasa tufike kwenye dole gumba.

Shamba moja la miwa, ambalo hatutalitaja, lilikuwa likiwabeba wakata miwa asubuhi juu ya lori lile lile la miwa, wamesimama, wameshikilia vyuma. Siku moja ya mvua lori liliteleza likalala ubavu. Mwenzetu mmoja, baba wa watoto wanne, alikatwa mguu chini ya goti. Siku ya tisa karani alimfuata wodini na shilingi 400,000 na karatasi ya Kiingereza. Alimwambia, "Mzee, tajiri amekuonea huruma. Tia dole hapa upate za kununulia maziwa."

Mgonjwa hakujua Kiingereza. Karatasi ilisema ya kwamba amepokea fidia yote, ameridhika, na hana dai lolote tena juu ya shamba wala mwenye lori. Alitia dole.

Mke wake ndiye aliyeikunja nakala akaileta katika tawi letu. Hakuja kushtaki. Alikuja kuuliza kama ile ni risiti ya hospitali.

Tuliisoma tukaenda naye kwa Afisa wa Kazi wa wilaya. Huko ndiko mambo yalikogeuka, kwa sababu sheria iliyaona haya kabla yetu. Mapatano ya fidia kati ya mwajiri na mfanyakazi hayatoshi kwa kutiwa saini tu. Yanahitaji kupita kwa Afisa wa Kazi, na fedha zake zisipungue zile zilizowekwa na sheria. Kwa mtu asiyejua kusoma lugha ya karatasi, lazima ionekane kwamba alisomewa na kuelezwa akaelewa. Na mkataba wowote wa kumfanya mfanyakazi aiache haki yake ya fidia hauna nguvu.

Daktari aliandika ulemavu wa asilimia 50. Mshahara wake ulikuwa shilingi 180,000. Mara 60 ni 10,800,000, nusu yake ni 5,400,000. Zile 400,000 zilikatwa humo, akalipwa 5,000,000 zilizobaki. Ilichukua miezi 14 na barua nyingi. Mguu haukurudi, na kukata miwa hawezi tena. Lakini watoto hawakutolewa shuleni, na mke wake alifungua duka dogo pale kambini ambalo hata leo tukipita tunanunua sabuni.

Tazameni tofauti. Shilingi 400,000 za huruma, na 5,400,000 za haki. Wala hakuna aliyeongeza hata senti moja zaidi ya sheria.

Tunawaomba, basi: usitie saini wala dole juu ya karatasi usiyoielewa, ukiwa na maumivu kitandani au ukiwa kwenye matanga. Akikuletea fedha za matibabu, zipokee, ni wajibu wake. Sema uandikiwe risiti ya "fedha za matibabu" na siyo "fidia yote". Akikataa, mwambie angoje mtu wa chama.

SIKU YA AJALI NA SIKU ZINAZOFUATA

Kesi nyingi hushindwa siku ile ile ya ajali, kabla ya wakili yeyote kuitwa. Kwa hiyo wenzake waliosimama wazima wafanye haya:

1. Majeruhi kwanza. Apelekwe hospitali, na jina lake liandikwe pale pamoja na neno "ajali" na saa aliyofika. Lori la mafuta likipinduka, ondokeni mbali. Msikaribie na madebe. Sange imekwisha kutufundisha.

2. Andikeni namba za gari. Lori la tela lina namba mbili, ya kichwa na ya tela, na huenda wenyewe ni wawili na bima ni mbili. Andikeni zote. Someni jina mlangoni, someni stika ya bima kwenye kioo: jina la kampuni, namba na tarehe ya kwisha. Mwenye simu apige picha kabla gari halijavutwa.

3. Andikeni majina na simu za mashahidi. Mwenye kibanda cha chai, kijana wa bodaboda, taniboi wa lori. Kesho watakuwa wametawanyika.

4. Polisi wa barabarani waitwe, wapime barabara na kuchora ramani ya ajali. Ombeni namba ya taarifa. Gari likaguliwe na mkaguzi wa magari kabla halijatengenezwa, maana breki iliyotengenezwa haitoi ushahidi.

5. Majeruhi apate Fomu ya Polisi namba 3, yaani PF3, ijazwe na daktari. Kama kuna aliyekufa, mwili usizikwe kabla ya daktari kuandika sababu ya kifo. Tunajua ni uchungu, na wazee hutaka kuzika upesi, lakini karatasi hiyo ndiyo itakayowalisha mayatima.

6. Mwajiri apewe taarifa siku ile ile, au kesho yake. Wala usiseme "wote wameona". Iandikwe, nakala ibaki kwa chama, na nyingine ipelekwe kwa Afisa wa Kazi. Usingoje mwezi upite.

7. Risiti zote zitunzwe: dawa, gari la kukodi, magongo, hata chakula cha anayemuuguza. Mahakama hailipi gharama kwa maneno matupu.

8. Usipokubaliana na asilimia aliyoandika daktari wa kampuni, kuna Bodi ya Usuluhishi wa Mambo ya Tiba iliyowekwa na sheria. Sema hukubali, mapema, kwa maandishi.

LORI LA NCHI JIRANI

Mara nyingi tunasikia neno hili: "Lori lilikuwa la nje, tumeshindwa." Hapana. Tangu mwaka 1987 iko bima ya pamoja ya nchi za COMESA inayoitwa Kadi ya Njano. Lori la Kenya likiingia Uganda, au la Uganda likienda Rwanda, hubeba kadi hiyo. Hata Tanzania, ingawa ilitoka COMESA mwaka 2000, imo katika mpango huu. Kadi inamkinga mtu anayeumizwa kufuata sheria ya bima ya nchi ilikotokea ajali, na kila nchi ya mpango ina ofisi yake ya taifa inayoshughulikia madai. Huna haja ya kupanda basi kwenda Mombasa kutafuta kampuni ya bima. Unachohitaji ni namba ya kadi na namba za gari, na hizo huandikwa palepale kabla lori halijavuka mpaka.

Nao wenzetu mliokuja kufanya kazi hapa kutoka Rwanda, Burundi, Congo au Kenya, msikubali kuambiwa, "Wewe si raia, huna fidia." Mkataba namba 19 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, unazitaka nchi zilizouridhia zimpe mfanyakazi mgeni fidia ya ajali sawa na mwenyeji, na Uganda imo. Mkataba namba 12 wa mwaka 1921 nao unasema sheria za fidia ziwafikie wafanyakazi wa mashamba. Ukikatwa mguu, mguu ni mguu, hauna pasipoti.

Na kibarua je? Wapo wanaosema kibarua hana haki. Ulifanya kazi, ulilipwa ujira, nyapara alikuhesabu asubuhi. Huo ndio uajiri, si rangi ya karatasi. Tena Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinakataza kumweka mtu kuwa kibarua zaidi ya miezi 4. Yuko mtu shambani mwenye miaka 6 anaitwa kibarua. Siku ya ajali ndiyo siku mbaya zaidi ya kuanza kutafuta ushahidi kwamba ulikuwapo. Tafuta leo.

KESI YA DEREVA SI KESI YAKO

Hapa wengi hupotea. Dereva hupelekwa mahakamani kwa kuendesha kwa hatari, hutozwa faini au hufungwa, na familia hurudi nyumbani ikisema kesi imekwisha. Kesi ile ilikuwa ya Serikali na dereva. Faini inakwenda Serikalini. Dai lako la fidia bado halijaanza, ingawa hukumu ya dereva yaweza kukusaidia kuthibitisha kosa.

Muda nao hauna huruma. Kwa Uganda, dai la jeraha la mwili dhidi ya mtu au kampuni lifunguliwe mahakamani kabla ya miaka 3 kupita. Gari likiwa la Serikali ni miaka 2. Kwa kifo, jamaa wamwone wakili mwaka haujaisha. Na mazungumzo marefu na kampuni ya bima hayasimamishi saa. Wapo wanaokuita "njoo wiki ijayo" mpaka miaka mitatu inatimia, ndipo wanakuambia umechelewa.

Jihadharini pia na watu wanaotembea wodini wakijiita watu wa mawakili, wenye karatasi tupu za kutia saini. Wakili wa kweli ana ofisi na ana cheti cha kazi cha kila mwaka. Muulize. Asiyekuwa na fedha aulize msaada wa sheria wa Chama cha Mawakili cha Uganda, au aje tawini tumpeleke. Bima ikikataa kulipa bila sababu, malalamiko yanapokewa na Mamlaka ya Kusimamia Bima.

DEREVA NAYE NI MFANYAKAZI

Hatuandiki haya ili tumlaani dereva. Dereva wa lori analala chini ya tela, analipwa kwa safari, na akichelewa anakatwa. Akisinzia saa 9 usiku, tuulize ni nani aliyempangia safari hiyo. Akipeleka mzigo uliozidi, si yeye aliyeupakia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na karatasi ya mizani inaonyesha uzito na saa. Karatasi hiyo, daftari la safari na hati ya mzigo ni ushahidi kwa aliyegongwa, na ni ushahidi kwa dereva pia, kwamba aliyeagiza ni mwingine. Dereva aliyeumia kazini naye ana fidia yake kwa mwajiri wake, kwa sheria ile ile.

KAZI YA TAWI

Fidia ni dawa ya baada ya jeraha. Kazi ya chama ni kuzuia jeraha. Katika mapatano ya pamoja na waajiri, kila tawi lidai mambo haya: watu wasibebwe juu ya miwa wala juu ya mbolea, bali katika gari lenye viti, gari la kubeba watu likaguliwe na cheti kibandikwe mahali pa kusomeka, na hati ya bima ya wafanyakazi, ambayo sheria inamlazimisha mwajiri kuwa nayo, ionyeshwe kwa wawakilishi kila mwaka. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inataka kamati ya usalama. Kama kwenu haipo, iulizeni mkutano ujao.

Na kila tawi liwe na daftari moja la ajali. Tarehe, saa, namba ya gari, majina, mashahidi, siku mwajiri alipopewa taarifa. Daftari la shilingi chache limewahi kushinda mawakili wa shilingi nyingi.

Ndugu, ukimaliza kusoma, usiikunje karatasi hii ukaiweka mfukoni. Msomee asiyejua kusoma, wakati wa chakula, chini ya mti, au mkingoja lori la kurudi kambini. Halafu mwangalie hilo lori vizuri kabla hamjapanda. Likiwa bovu, semeni wote kwa pamoja. Mmoja akisema atafukuzwa. Mia wakisema, lori litatengenezwa.

Umoja ni nguvu.